Mdudu Aliyeokoa Michungwa

  Vuta kiti ukae, tuanze.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita vya bunduki. Ni historia ya mdudu ambaye hazidi ukubwa wa punje ya mtama. Nimeichagua kwa sababu ya swali nililoulizwa na mama mmoja mwenye bustani ya kabichi. Alisema hivi: "Mwalimu, kabichi zangu zimeingiwa na vidukari. Tena juu ya balaa hiyo nimeona wadudu wengine, weusi, warefu kidogo, wenye miguu sita na madoa ya rangi ya chungwa. Wanatembea katikati ya vidukari kama mamba wadogo. Nimewaponda wote niliowaona. Je, nimefanya vema?"

Nikamjibu, "Mama, hao uliowaponda walikuwa vibarua wako, na hawakukudai mshahara." Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mbona hakuna aliyeniambia?"

Swali hilo la pili lilinichoma, maana ni haki yake kuuliza. Mwaka ule kabichi zake nyingi zilikauka, na fedha alizotegemea kulipia karo ya watoto zikawa hazikupatikana. Basi leo nitalijibu kwa urefu. Nataka ujue wadudu hao ni nani, na jinsi watu wa nchi moja ya mbali walivyokaribia kupoteza mashamba yao yote kabla hawajajifunza kumtambua rafiki.

Kwanza tumjue mwenyewe. Bila shaka umemwona mdudu mdogo wa mviringo, mgongo wake kama nusu ya njegere iliyopasuliwa, mwekundu au wa rangi ya chungwa, mwenye madoa au mistari myeusi. Watoto humweka kidoleni wakamtazama akipanda mpaka ncha, halafu akafunua mgongo na kuruka. Kila mahali pana jina lake. Katika somo hili tutamwita mdudu kibibi. Huyo ndiye mzazi. Lakini mtoto wake hafanani naye hata kidogo. Mtoto ni buu: mrefu, hana mabawa, ngozi yake ina mabaka, na sura yake haipendezi. Naye ndiye mlaji mkubwa. Tangu anapototoka yaini mpaka anapojibandika kwenye jani ili ageuke, hana kazi nyingine ila kula. Hivyo mkulima humpenda mzazi kwa uzuri wake na kumponda mtoto kwa ubaya wa sura yake, kumbe amemponda mfanyakazi.

Sasa tusafiri. Fikiri tumevuka bahari mbili tukafika Marekani, upande wa magharibi, katika jimbo la California. Nchi ile ina jua jingi, na watu wake walipanda michungwa na milimau kwa wingi. Karibu na mwaka 1868, mahali paitwapo Menlo Park, alionekana mdudu mgeni juu ya migunga iliyoletwa kutoka Australia. Alikuwa mdudu gamba, yaani mdudu anayeganda kwenye gome au jani kama gamba la samaki, akatia mdomo wake ulio kama sindano na kufyonza utomvu wa mti. Mgeni huyu alikuwa na alama yake. Nyuma ya mwili wake alibeba kifuko cheupe chenye mifuo, laini kama pamba, na ndani ya kifuko hicho mlikuwa na mayai mekundu, mia kadhaa kwa mara moja. Baadaye kidogo Bwana William Maskell wa New Zealand aliwaandikia wataalamu sifa zake na kumpa jina la kitaalamu, Icerya purchasi. Sisi tutamwita gamba mweupe.

Kwa miaka ya kwanza watu hawakumjali. Hapo ndipo palipokuwa na kosa la kwanza. Alisambaa kwa miche iliyonunuliwa na kuuzwa, kwa miguu ya ndege, kwa upepo uliochukua watoto wake wadogo kama vumbi. Kufika miaka ya 1880 alikuwa amekwisha kuingia mashamba ya michungwa ya kusini, kandokando ya mji wa Los Angeles. Matawi yalionekana meupe kana kwamba yamepakwa chokaa. Maji matamu aliyoyatoa mdudu yalidondoka juu ya majani, na juu ya maji hayo ukaota ukungu mweusi kama masizi ya chungu. Majani yakapukutika, matunda yakadumaa, na miti ikaanza kufa.

Hebu jiweke mahali pa mkulima yule. Mchungwa si mchicha. Mchungwa unaungoja miaka mingi kabla haujakupa matunda ya kuuza. Umekopa fedha, umechimba mifereji ya maji, umelea miche kama watoto. Halafu mbele ya macho yako unakufa. Wakulima walijaribu kila walichosikia. Walinyunyiza maji ya sabuni na mafuta ya taa yaliyochanganywa na sabuni. Gamba mweupe alilindwa na ile nta na pamba yake, hakujali. Mwaka 1886 mtaalamu mmoja, Bwana Daniel Coquillett, alianza kufunika mti mzima kwa hema na kuufukizia gesi ya sianidi. Njia hiyo iliua wadudu, lakini ilitaka hema, ilitaka vibarua, na gesi yenyewe ni ya kuua mtu. Tena shamba la jirani likiwa chafu, wadudu walirudi. Wengine walikata tamaa, wakang'oa michungwa yao na kuichoma moto.

Wakati huo palikuwa na mkuu wa wataalamu wa wadudu katika Idara ya Kilimo ya Marekani, aitwaye Charles Valentine Riley. Bwana huyu alijiuliza swali jepesi, nami naomba ulishike, maana ndilo kiini cha somo letu. Aliuliza: huko kwao gamba huyu alikotoka, mbona hasikiki kuwa balaa? Wenye miti huko Australia walimjua, lakini hakuwa akiua miti yao kwa maelfu. Kwa nini?

Jibu lake lilikuwa hili. Huko kwao gamba mweupe ana maadui wanaomla. Aliposafiri juu ya miche kwenda California, alisafiri peke yake. Maadui zake walibaki nyumbani. Alifika katika nchi yenye chakula kingi na hakuna wa kumzuia. Basi dawa si kutafuta sumu kali zaidi. Dawa ni kumfuatia adui yake kule kule alikobaki, na kumleta. Wazee wetu walisema dawa ya moto ni moto. Bwana Riley alitaka kutumia mdudu kumzuia mdudu.

Fikira ilikuwa nzuri, lakini ilizuiwa na karatasi. Sheria ya fedha ya wakati ule ilikataza idara ya Bwana Riley kutumia fedha zake kwa safari za nchi za nje. Michungwa inakufa, na fedha zipo, lakini haziwezi kuguswa. Naona unatabasamu; mambo ya ofisi ni yale yale kila nchi. Basi ikapatikana njia ya kuzunguka. Mwaka ule wa 1888 palikuwa na maonyesho makubwa ya mataifa katika mji wa Melbourne, Australia, na Marekani ilikuwa ikipeleka ujumbe wake. Ilikubaliwa kwamba mtaalamu mmoja wa wadudu aende pamoja na ujumbe huo, na gharama yake, isiyozidi dola 2,000, itoke katika fungu la maonyesho.

Aliyechaguliwa ni Bwana Albert Koebele, mzaliwa wa Ujerumani, mtu mwenye jicho kali na subira nyingi. Tarehe 25 Agosti 1888 alipanda meli katika bandari ya San Francisco. Alipewa kazi hasa ya kutafuta nzi mmoja mdogo sana, ambaye Bwana Frazer Crawford wa mji wa Adelaide alikuwa amekwisha kumgundua. Nzi huyo hutaga mayai yake ndani ya gamba mweupe, na mabuu yake humla gamba kutoka ndani. Wakubwa walitumaini kwamba nzi huyo ndiye atakayeokoa California.

Bwana Koebele alimtafuta nzi, akampata, akampeleka kwa maelfu. Lakini tarehe 15 Oktoba 1888, katika bustani moja ya Adelaide ya Kaskazini, aliona kitu kingine. Juu ya gamba mweupe alikuwapo mdudu kibibi mdogo, mwekundu mwenye mabaka meusi, akila. Wakati ule aliitwa Vedalia. Leo wataalamu humwita Rodolia cardinalis. Hakuwa ndiye aliyetumwa kumtafuta. Mtu mwingine angeweza kusema, "Huyu hayumo katika barua yangu," akapita. Yeye hakupita. Alimkusanya pia.

Sasa angalia hesabu, maana hapa ndipo utakapostaajabu. Vibibi walisafiri kwa meli karibu mwezi mzima. Tarehe 30 Novemba 1888 Bwana Coquillett, yule yule wa mahema, alipokea Los Angeles vibibi 28 walio hai. Tarehe 29 Desemba akapokea 44. Tarehe 24 Januari 1889 akapokea 57. Jumla yao ni 129. Unaweza kuwatia wote katika kiganja kimoja. Na kiganja hicho kilitumwa kupigana na wadudu walioenea jimbo zima.

Katika shamba la Bwana Wolfskill, mjini Los Angeles, ulichaguliwa mchungwa mmoja uliojaa gamba mweupe. Ukafunikwa kwa hema. Lakini safari hii hema halikuwa la kuzuia gesi ya sumu isitoke. Lilikuwa la kuzuia wageni wasitawanyike kabla hawajazaana. Vibibi wakatiwa ndani.

Ndani ya hema ile mambo yalikwenda hivi. Mama kibibi alitaga mayai yake juu ya gamba au chini yake, hasa kwenye kile kifuko cha pamba. Buu alipototoka, hakuwa na haja ya kutafuta chakula: alikuwa amezaliwa juu ya ghala. Alitoboa kifuko akaingia ndani, akala mayai ya gamba mmoja baada ya mwingine. Alipokua alitoka na kula magamba yenyewe, madogo kwa makubwa. Kisha alijibandika mahali, akatulia bila kula, akageuka kuwa kibibi mwenye mabawa. Wakati wa joto kazi hiyo yote, toka yai mpaka mdudu mzima, humalizika katika muda usiofika mwezi. Kwa hiyo gamba mweupe alipokuwa akizaa kizazi kimoja, vibibi waliweza kuzaa zaidi ya kimoja. Hapo ndipo siri ilipo. Kile kifuko kilichomkinga gamba na sabuni na mafuta ya taa, hakikumkinga na buu mwenye meno.

Kufika katikati ya mwezi wa Aprili 1889, mti ule ulikuwa safi. Upande mmoja wa hema ukafunuliwa, vibibi wakaruliwa ruhusa kwenda miti ya jirani. Wakulima wakaja na visanduku vyao. Kufika tarehe 12 Juni, vibibi 10,555 walikuwa wamegawiwa kwa wakulima 208. Pamoja na shehena za mwisho, ambazo nyingine Bwana Koebele alizileta mwenyewe aliporudi, vibibi wote waliotoka Australia walikuwa 514 tu. Kabla mwaka haujaisha, mashamba yaliyokuwa meupe yalirudia kijani. Maandishi ya wakati ule yanasema kwamba machungwa yaliyosafirishwa kutoka wilaya ya Los Angeles yaliongezeka kwa mwaka mmoja kutoka mabehewa 700 mpaka 2,000. Wakulima walifurahi, wakampa Bwana Koebele saa ya dhahabu, na mkewe vipuli vya almasi.

Na yule nzi je? Hakushindwa. Naye alikaa, na mpaka leo katika sehemu za pwani ya California hufanya kazi kubwa, na kibibi hufanya kazi kubwa zaidi katika sehemu za bara zenye joto kali. Ila habari ya kibibi ilionekana kwa macho, na ya nzi ilifichika.

Habari zikaenea. Kibibi huyo alipelekwa Misri na Afrika ya Kusini katika miaka ya 1890 na kitu, akapelekwa Ureno mwaka 1897, na baadaye nchi nyingine nyingi. Lakini hapa nataka kukuonya, msikilizaji, usije ukadhani kila kibibi anaweza kila kazi. Baada ya ushindi ule, Bwana Koebele alitumwa tena katika miaka ya 1891 na 1892, akapeleka California vibibi wa aina nyingi kwa ajili ya wadudu wengine. Wengi wao walipotea, na aina chache tu zilikaa. Kwa nini? Kwa sababu kibibi wa kwanza alikuwa na bahati ya pekee: chakula chake ni gamba mweupe na jamaa zake wa karibu, gamba huyo hakimbii, na miti hukaa mahali pamoja miaka yote. Hatuwezi kutazamia bahati hiyo kila mara. Ndiyo sababu kazi hii inataka elimu, haitaki pupa.

Sasa nakuja kwenye sehemu ya pili ya historia, ambayo inauma. Mwaka 1939 Bwana Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba dawa iitwayo DDT huua wadudu kwa nguvu ya ajabu. Baada ya vita vya pili vya dunia ilianza kuuzwa kwa wakulima. Kule California, katika bonde la San Joaquin, wenye michungwa waliinyunyiza ili kuua wadudu wengine. Wadudu hao walikufa. Lakini katika miaka ya 1946 na 1947 alionekana tena mgeni wa zamani: gamba mweupe, ambaye vijana wengi walikuwa wamemsikia katika hadithi tu. DDT ilikuwa imewaua vibibi, lakini yeye haikumwua vya kutosha. Watu ambao baba zao waliokolewa na mdudu walimwua mdudu yule kwa mikono yao, tena kwa gharama. Ikawabidi kuacha au kupunguza kunyunyiza, na kuwarudisha vibibi mashambani tena. Usiache mbachao kwa msala upitao. Marekani yenyewe ilipiga marufuku DDT katika kilimo mwaka 1972, kwa sababu ya madhara mengi, na hilo ni somo la siku nyingine.

Labda utasema, "Mwalimu, hayo ni ya Wamarekani na machungwa yao. Sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu. Katika Kenya, mijakaranda iliwahi kushambuliwa na mdudu gamba mwingine aliyetoka Amerika. Njia ile ile ikafuatwa. Palikuwa na kibibi mdogo wa Mexico aliyekwisha kupelekwa visiwa vya Hawaii mwaka 1908. Baadaye aliletwa Afrika, na Kenya ikawa moja ya nchi zilizompokea. Akakaa, akazaa, akafanya kazi yake kimya kimya, na watu wakapita chini ya mijakaranda bila kumjua.

Kisha, mwaka 1991, mdudu yule yule anayeshambulia mijakaranda alionekana St Helena, kisiwa kidogo katikati ya bahari ya Atlantiki. Huko kulikuwa na mti wa taifa ambao hauoti mahali pengine popote duniani, na iliyobaki ilikuwa karibu miti 2,000 tu, katika vichaka viwili. Kufika mwaka 1993 angalau miti 400 ilikuwa imekufa. Ingepotea yote, ingekuwa imepotea kwa ulimwengu mzima. Wataalamu waliuliza swali la Bwana Riley: adui wa mdudu huyu yuko wapi? Wakaja Kenya kumchukua yule kibibi. Mwezi wa Mei 1993 aliachiliwa kisiwani. Miaka miwili baadaye vibibi walionekana kwa wingi, na wale wadudu gamba wakapungua zaidi ya mara thelathini. Miti iliyobaki ikapona. Umeona? Safari hii sisi hatukuwa waombaji. Dawa ilitoka kwetu.

Kabla hatujafika bustanini, nakupa onyo moja zaidi. Mgeni akikaribishwa bila kuulizwa tabia yake, aweza kuvunja nyumba. Kuna kibibi wa Asia aitwaye Harmonia axyridis, mlaji hodari wa vidukari, aliyepelekwa Marekani na Ulaya kwa nia njema. Lakini yeye hachagui chakula. Alienea mno, akala hata mayai na mabuu ya vibibi wenyeji, na mwaka 2004 alionekana Uingereza ingawa hakuna aliyemwalika huko. Kwa sababu hiyo siku hizi mdudu wa kigeni hupimwa kwanza miaka mingi katika chumba kilichofungwa. Visiwa vya Galápagos vilipomwita yule kibibi wa Adelaide mwaka 2002, alipimwa kwanza kama hatadhuru wadudu wengine wa huko. Basi usimtie mdudu wa nchi nyingine mfukoni ukamleta shambani kwako. Wa kwetu wapo, nao wanatosha kuanza.

Haya, sasa turudi kwa yule mama na kabichi zake. Mambo ya kufanya ni machache, nawe unaweza kuyaanza kesho asubuhi.

Geuza majani utazame upande wa chini. Ukiona mayai ya manjano, marefu, yamesimamishwa pamoja kama mitungi midogo sokoni, hayo ni ya kibibi mla vidukari. Yaache. Ukiona buu mweusi au wa kijivu mwenye mabaka, anayetembea upesi kati ya vidukari, mwache pia. Kabla hajawa mdudu mzima atakuwa amekula vidukari kwa mamia.

Kwenye vidung'ata, wale wadudu weupe wenye unga, uwe mwangalifu zaidi. Mabuu ya baadhi ya vibibi wanaokula vidung'ata huvaa nta nyeupe, wakafanana na adui. Kaa utazame kwa dakika chache. Kidung'ata hukaa kimya na kufyonza. Buu wa kibibi ni mkubwa zaidi, nta yake ni ndefu, naye hutembea akila.

Wala usinifahamu vibaya: si kila kibibi ni rafiki. Wapo wanaokula majani ya maboga, matango na viazi. Mgongo wao haung'ai, una vinyweleo vifupi, na mabuu yao ni ya manjano yenye miiba mingi iliyogawanyika. Ukiwaona wako juu ya jani lililotoboka kama chujio, na hakuna vidukari hapo, hao waokote.

Watazame sisimizi. Wao hupenda maji matamu ya vidukari na wadudu gamba, na kwa ajili ya maji hayo hulinda wezi wako na kuwafukuza vibibi. Ukizuia sisimizi wasipande mti wa matunda, umewafungulia vibibi mlango.

Tena acha miche michache ya giligilani itoe maua kandokando ya bustani. Kibibi mzima hula pia chavua ya maua, naye hukaa palipo na chakula.

Mwisho, uwe na subira. Vidukari huja kwanza, vibibi hufuata. Ukinyunyiza sumu siku unapoona kidukari cha kwanza, utaua wachache wa adui na askari wote waliokuwa njiani. Wakiwa wachache, waoshe kwa maji au waponde kwa vidole. Ikibidi kutumia dawa, muulize bwana shamba, na uinyunyize pale penye ugonjwa tu, si bustani nzima.

Ndugu msikilizaji, katika mwaka 1888 mkulima wa California alikuwa na haki ya kusema kama alivyosema yule mama: "Mbona hakuna aliyeniambia?" Elimu ilikuwa bado haijapatikana. Leo imepatikana, na wewe umeambiwa. Kesho mpeleke mtoto bustanini, geuzeni jani pamoja, umwonyeshe yule buu mbaya wa sura, umwambie ni nani. Na jirani naye ambaye hana redio, mwambie.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini gamba mweupe alikuwa balaa California, lakini hakuwa balaa kubwa kwao Australia?

2. Hema la Bwana Coquillett lilitumika kwa kazi mbili mbalimbali. Zitajeni, na mseme ipi ilifaa zaidi na kwa nini.

3. Gamba mweupe alirudi katika miaka ya 1946 na 1947. Nani alimrudisha?

4. Katika kijiji chenu, mdudu kibibi anaitwaje? Na buu wake je, ana jina? Kama hana, jadilianeni kwa nini.

5. Kabla ya mkutano ujao kila mmoja achunguze mimea kumi katika bustani yake, ahesabu mayai, mabuu na vibibi atakaowaona, na aje na hesabu yake iliyoandikwa.

Kwaherini, tukutane katika somo lijalo.